Mtoto wa Upele

Jirani yangu hapa Malindi amenunua mbuzi, na mbuzi mwenyewe ana upele. Juzi asubuhi nilifungua dirisha la jikoni, harufu ya kibiriti upele ikaniingia yote kwa mpigo mmoja, ule unga wa manjano uliochanganywa na mafuta ya nazi na kupashwa moto kidogo, ikabidi niketi. Sikuwa nimekutana na harufu ile tangu utotoni. Wenzangu wakikumbuka utoto wao hutaja asumini na halua. Wangu mimi unanuka dawa ya mbuzi, sasa nifanyeje?

Binti yangu alikuwa mezani, anaandika insha aliyopewa na mwalimu wake, ya mtoto wa kawaida anayegeuka kuwa shujaa. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, wangu nimpe nguvu gani? Kuruka angani washaandika wote." Nikamwambia anywe chai kwanza, inapoa. Jawabu nilikuwa nalo, ila si la kumpa mtoto anayekimbilia gari la shule, tena aliyeziba pua kwa harufu ile. Basi nalitoa hapa, kwa nyinyi wenzangu mliolelewa na mabibi kabla ya katuni kuingia majumbani.

Nyumba yetu ilikuwa Takaungu, katika kichochoro cha nyuma ya msikiti, na ndani yake tulikuwa watano: baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, mama, Bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu Swaleh. Swaleh ndiye aliyekuwa kipenzi, na hakuna aliyelificha hilo. Bibi alikuwa akimwita mume wangu, na mimi akaniita mke mwenzangu, kama ulivyo utani wa mabibi wetu. "Mke mwenzangu, bwana hajala mpaka saa hizi, wewe umekaa tu?" Nami nilikuwa nikimjibu kwa kiburi kwamba leo si zamu yangu, ni yake. Swaleh alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu.

Mwaka ule nilishikwa na upele. Ulianza kati ya vidole, ukapanda viganja, ukafika kiuno. Waliowahi kuupata wanaujua, na wasiowahi Mungu awaepushe. Mchana unastahimilika. Ukishajifunika shuka ndipo unapopata joto na kuanza kazi, nawe unajikuna mpaka unatoka damu. Chuoni mwalimu alinitandikia kijamvi changu peke yangu, karibu na mlango, nikawa nasoma juzuu yangu huku nawatazama wenzangu migongo. Njiani walikuwa wakinikimbia. "Maupele huyoo! Asikuguseni!" Wallahi niliwachukia watoto wale kwa moyo wangu wote, na mmoja wao mpaka leo nikikutana naye sokoni salamu zangu kwake ni fupi.

Swaleh naye alikuwa na maradhi yake. Leo najua yanaitwa selimundu, maradhi ya damu ambayo mtu huzaliwa nayo. Wakati ule tulichojua ni kwamba mifupa humshika. Akicheza sana, mvua ikinyesha, au bila sababu yoyote, miguu ilikuwa ikimuuma mpaka analia, tena kwa sauti ndogo ya mtoto aliyekwisha choka kulia. Mama alikuwa akimkanda kwa maji ya moto mpaka yeye mwenyewe anasinzia amekaa. Kwa hivyo nyumba ikishatulia, tuliobaki macho ni sisi wawili, mimi upele unaniwasha, yeye mifupa imemshika. Alikuwa akiniuliza kutoka kitandani kwake, "Dada, uko macho?" Nami nilikuwa nikimjibu, "Niko macho." Hatukuwa na maneno mengine. Alikuwa akiridhika na hayo, ananyamaza, na baada ya kitambo anauliza tena.

Hadithi za Bibi zilikuwa na mwiko mmoja mkubwa. Zilihadithiwa baada ya Isha tu. Anayehadithia mchana huota pembe. Nililiamini jambo hili kama nilivyoamini kwamba jua litatoka kesho. Kulikuwa na mzee mmoja mtaani mwetu mwenye uvimbe pajini pa uso, na mimi nilijua fika alichokifanya mzee yule. Nilikuwa namwamkia shikamoo kwa huruma nyingi.

Katika hadithi zote, yangu ilikuwa moja. Watoto wa mji walikwenda mwituni kuchuma kunazi. Mdogo mmoja mwenye upele akawafuata, wakamrushia vibonge vya udongo, rudi wewe, unanuka. Hakurudi. Giza likawakuta hukohuko, wakaona taa, wakabisha hodi, kumbe ni nyumba ya zimwi. Zimwi likawakaribisha, likawapikia wali wa samli, likawatandikia. Walipolala likatoa kisu likakinoa. Na kila likimaliza kunoa lilikuwa likiuliza, "Nani yu macho?" Maana mazimwi ya Bibi yalikuwa na adabu zao, hayali mtu mbele ya mtu anayetazama. Kijisauti kikajibu, "Mimi, bwana mkubwa." "Na mbona hulali?" "Upele unaniwasha." Zimwi likasonya, likakiweka kisu chini, likangoja. Likauliza tena, likajibiwa tena, hivyo hivyo mpaka pakaadhiniwa alfajiri, na adhana ikisikika zimwi limekwisha. Watoto wakatoka wazima.

Hebu fikirini niliisikiaje hadithi ile, mimi ambaye chuoni nilikuwa nikikaa mlangoni. Nikitazama vitabu vya binti yangu naona mashujaa wake hupewa kitu. Mmoja hupewa joho, mwingine pete, mwingine jicho linaloona nyuma ya ukuta. Shujaa wa Bibi hakupewa chochote. Alikuwa na aibu yake tu, ileile iliyomfanya afukuzwe, ikatokea siku moja ikafaa. Nami aibu hiyo nilikuwa nayo, tena tele. Nikaanza kuwaonea huruma watoto wenye ngozi safi. Nikajiambia kwamba kinachokuja kumtafuna Swaleh mifupa ni zimwi, ndiyo maana linakuja watu wakilala, na linashindwa kummaliza kwa sababu kila likija linanikuta mimi niko macho. Sikumwambia mtu, maana mambo ya namna hii hayasemwi.

Kisha Swaleh akazidiwa. Safari hiyo maji ya moto hayakusaidia kitu, macho yakawa manjano, na baba akambeba begani kumpeleka hospitali kubwa ya Kilifi. Mama akabaki naye hukohuko wodini. Baba alikuwa akienda na kurudi na chakula, na cherehani ikafunikwa shuka. Siku ya kwanza tuliyokwenda kumtazama, mimi na Bibi tulivaa vizuri, nikabeba machungwa. Muuguzi aliyekuwa mlangoni akanishika mkono kunisalimu, akaugeuza, akautazama kati ya vidole. "Huyu haingii," akasema, wala si kwa ubaya. "Watoto wa mle ndani wamedhoofika, wakipata na upele tutawaua. Mtibuni kwanza, bibi, halafu mleteni. Nitamruhusu mwenyewe." Kwa ndani nikasikia Swaleh anaita, "Dada! Dada yuko hapo!" Mlango ukarudishwa. Machungwa aliyaingiza Bibi.

Jioni ile ile Bibi akanunua kibiriti upele. Akakichanganya na mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, akanipaka kutoka shingoni hadi nyayoni, akanikanya nisikoge mpaka kesho. Nikamwitikia vizuri kabisa. Alipoingia kusali nikachukua dodoki na ndoo ya maji, nikajisugua chooni mpaka hapana kilichobaki. Kesho yake akanipaka tena, nikajiosha tena, na siku iliyofuata vilevile. Msinicheke, hoja yangu ilikuwa imenyooka. Swaleh yuko katika nyumba ya watu, hana wa kumjibu anapouliza nani yuko macho. Upele ukinitoka, na mimi nitalala kama watoto wengine. Nikilala, zimwi litamkuta peke yake. Kwa hivyo kupona kwangu ndiko kungemmaliza.

Baba akirudi jioni nilikuwa namkimbilia mlangoni. "Swaleh yuaje?"

"Anakuulizia wewe tu. Mbona dada haji, mbona dada haji. Harakisha upone, mama."

"Na usiku nani humjibu?"

Baba hakulielewa swali. Akaniwekea mkono kichwani, akapita ndani kuvua viatu.

Siku moja baba alirudi mapema, hata Adhuhuri haijafika, akamwita Bibi ukumbini wakazungumza kwa sauti ya chini. Sikuambiwa kitu. Bibi alipotoka uani alikuwa amejishika kiuno, akanitazama kitambo kirefu, akaniita. Nikasogea. Akaninusa shingoni, akaninusa mikono.

"Mbona hunuki wewe?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Nakuuliza, mbona hunuki? Mtu aliyepakwa kibiriti jana ananuka mpaka mtaa wa pili. Umekoga?"

Basi nikaangua kilio, na maneno yote yakatoka na kilio, zimwi na mifupa na nani atakayemjibu. Nilitegemea kofi. Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Lakini alivuta kigoda akakaa katikati ya ua, jua linawaka juu ya vichwa vyetu, akafuta jasho kwa ncha ya mtandio, akasema, "Paukwa."

Kilio kikanikauka palepale. "Bibi! Ni mchana!"

"Kwani mimi kipofu? Naona kuwa ni mchana. Paukwa!"

"Utaota pembe!"

"Na ziote. Nitazifunika kwa mtandio, nani ataziona? Sina nafasi ya kungoja Isha mimi. Paukwa, mwanangu."

"Pakawa," nikasema, huku nimemkazia macho kichwani.

Hakuihadithia yote. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kisu. "Zimwi liliuliza, nani yu macho. Nani alijibu?"

"Mtoto wa upele."

"Alijibu yeye, au ulijibu upele?"

Nikajikuna kati ya vidole.

"Upele ulimwamsha tu," akasema Bibi. "Hata kiroboto huamsha mtu. Alipoamka akaliona zimwi lina kisu mkononi. Angeweza kujifunika shuka gubigubi akanyamaza, na wale waliomrushia udongo wakaliwa, na yeye akasema, nimepona. Hapana aliyemlazimisha kusema 'mimi'. Alisema mwenyewe, na huku anatetemeka. Upele haujui kusema 'mimi', mwanangu. Upele ni upele. Unanuka, unawasha, na umekuzuia mlangoni, na ndugu yako yuko ndani anakuita."

"Na nikipona, nikalala?"

"Hulali wewe. Nakujua." Akasimama, akashika bakuli la dawa. "Haya, mke mwenzangu. Bwana anatungoja, na safari hii ukigusa maji utanitambua. Vua hiyo nguo."

Dawa ilinichoma kwenye michubuko yote niliyojikuna, nikauma kitambaa. Bibi akachemsha nguo zangu na mashuka kwenye sufuria kubwa, akaanika jamvi juani, akanifunga mikono vitambaa ili nisijikwangue. Nilinuka mpaka paka wetu akahamia kwa jirani. Na kila asubuhi, Bibi alipofungua mtandio kuchana nywele, nilikuwa nasogea karibu nikachungulia. Sikuona pembe. Nikajiambia labda zinachelewa.

Siku muuguzi yule aliponigeuza mikono tena, ngozi ilikuwa imekauka na inabambuka. Akaninusa, akakunja uso, akacheka kidogo. "Kazi imefanyika hapa. Ingia."

Nilikuwa nimemtayarishia Swaleh maneno mengi. Alikuwa amepungua mpaka kitanda kinaonekana kikubwa, na mkono mmoja ulikuwa umefungwa mpira wa maji ya dawa. Akanitazama akasema, "Umekawia."

"Nilikuwa napakwa dawa."

"Unanuka."

"Najua."

Akatabasamu. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni yake. Mama yangu alikuwa mtu wa kujipenda, hatoki bila wanja, na siku ile nilimkuta mtandio umekwenda upande, midomo imemkauka, na akiongea anasahau alichotaka kusema. Baba na Bibi waliitwa na daktari kwenye chumba cha mbele. Nikamwambia mama alale, mimi nipo. Akasema hapana, yeye hana usingizi. Nikamwambia tena. Akainamisha kichwa pembeni mwa kitanda, apumzishe shingo tu, akasema, na kabla sijamjibu alikuwa keshalala, mkono wake uko juu ya goti la Swaleh.

Nikakaa upande wa pili nikaanza kumkanda Swaleh mguu, polepole, kama nilivyomwona mama akifanya. Tukanong'onezana kidogo ili tusimwamshe mama. Ulikuwa mchana mweupe, nimekaa mbele ya macho yake, na bado akaniuliza, "Dada, uko macho?"

"Niko macho."

Akafumba macho. Baada ya kitambo akauliza tena, nikamjibu. Kisha akakaa muda mrefu zaidi ndipo akauliza, kwa sauti ambayo ilinibidi nimwinamie kuisikia, nikamjibu. Sikuacha kukanda. Kisha hakuuliza tena. Uso ulikuwa umelegea vizuri, ile mikunjo ya maumivu imeondoka kwenye paji lake, nami nikafurahi. Nilidhani amelala. Nilidhani nimewalaza wote wawili, yeye na mama, na kwamba sasa zimwi limeshindwa na inanipasa kukaa kimya tu mpaka waamke. Nilijiona mkubwa sana pale. Nikaendelea kumkanda mguu mpaka muuguzi alipokuja kutazama maji ya dawa, akaweka vidole shingoni mwa Swaleh, akanitoa mkono taratibu, kisha akamgusa mama begani.

Alizikwa kesho yake asubuhi. Wanaume walipokwenda makaburini, nyumba ilibaki na wanawake, majamvi yametandikwa kutoka ukumbini hadi uani, na uvumba umejaa kila mahali. Mimi nilisimama kwenye nguzo ya jikoni. Hapana aliyenifukuza, lakini sikujua mahali pangu ni wapi. Kila mwanamke aliyeingia alikuwa akimshika mama mkono, na baada ya pole huuliza lilelile ambalo huulizwa kwetu siku zote, alikuwa na nani alipokata roho? Mama hakumjibu hata mmoja. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, macho makavu, kama mtu anayesikiliza kitu nje. Bibi ndiye aliyekuwa akijibu badala yake, "Alikuwa na watu wake, alhamdulillahi," na wao hupita wakakaa.

Kisha mama akaniona. Akaninyooshea mkono, nikapita katikati ya wanawake wote wale nikiruka magoti yao, na harufu yangu ya kibiriti ingalipo. Akanipakata, mtoto mkubwa mimi, akaniwekea mdomo sikioni.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Niambie kweli, usinifiche. Aliniita, nikawa sikusikia?"

Nikamwambia kama ilivyokuwa. Kwamba hakumwita. Kwamba yeye mama alipoanza kukoroma mimi niliona haya kwa watu wa wodini, nikataka kumwamsha, na Swaleh ndiye aliyenizuia. Alinishika kidole kwa ule mkono wake usiokuwa na mpira, akasema, "Mwache mama alale. Wewe si upo?"

Hapo ndipo mama yangu alipolia. Bibi akawaashiria wale waliokuwa wakisogea kumnyamazisha, nao wakarudi kukaa, wakamwacha alie.